Kisima kinanuka petroli na mji umekaa juu ya mwamba: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo na kusafisha maji ya kwenye nyufa

Kuna siku nilipigiwa simu na mama mmoja mwenye gesti kwenye mji mdogo pembeni ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida, anasema wageni wanalalamika maji ya kuogea yananuka kama jenereta. Nikafika, tukafungua bomba, tukajaza ndoo nyeupe tukaiacha juani kidogo, juu pakatokea utando wa rangi rangi kama ule wa dimbwi la gereji. Sheli ilikuwa mita kama 300 kutoka pale. Ila katikati kulikuwa na kisima cha mtaa, mita 80 tu toka kwenye sheli, na maji yake hayana harufu wala ladha ya ajabu, watu wanakunywa. Basi mtaa mzima ulishahukumu kwamba sheli haihusiki, maana ingekuwa sheli kisima cha karibu ndo kingeanza kuharibika, hiki cha gesti lazima fundi pampu alimwaga mafuta.

Hiyo hesabu ni ya mchanga. Dar au Pwani kwenye mchanga uchafu unatambaa taratibu na unasambaa kama chai kwenye kitambaa, aliye karibu anaupata kwanza. Dodoma, Singida, Iringa, Mwanza, na kwa wenzetu Kitui na Machakos, tunakaa juu ya mwamba mgumu wa zamani sana, jiwe lenyewe halishiki maji karibu chochote, maji yako kwenye nyufa tu na kwenye lile tabaka la juu la mwamba uliooza. Uchafu unafuata ufa. Kisima kilichokatwa na ufa uleule kinaupata hata kikiwa mbali, na kilichokaa nje ya ufa kinaweza kisiupate kabisa. Kazi yote ninayoeleza hapa chini ni kujua nyufa zinaelekea wapi kabla hujatumia hela ya mtu, maana nimeona watu wanaleta kompresa na mitambo wiki ya kwanza alafu wanaishia kuharibu zaidi.

Kabla ya yote: watu kwanza

Maji yakinuka mafuta, simamisha kunywa, kupikia na kuogea siku hiyohiyo, usisubiri majibu ya maabara. Na tafadhali usimwambie mtu achemshe. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila petroli inageuka mvuke na mvuke unabaki jikoni mnauvuta, kuoga maji ya moto bafuni ni vilevile. Leteni boza au wafungue maji ya mamlaka kama yapo. (Kama tatizo ni naitreti, ile chumvi inayotoka kwenye uchafu wa vyoo vya shimo, kuchemsha ndo kunaongeza ukali, maji yanapungua naitreti inabaki, na mtoto wa chini ya miezi sita asipewe kabisa maziwa yaliyokorogwa na maji hayo.)

Kingine ni moto. Mdomo wa kisima, chemba ya pampu, shimo la septiki, kote huko mvuke wa petroli unakaa chini maana ni mzito kuliko hewa. Hakuna kuvuta sigara, hakuna kuwasha kiberiti ili uone ndani, na mtu asishuke kwenye kisima cha kuchimba kwa mikono hata kwa kamba. Najua kuna mafundi wanashusha mshumaa kupima hewa. Hapa huo mshumaa utakulipukia usoni.

Alafu toa taarifa: Bodi ya Maji ya Bonde husika (Dodoma mjini ni Wami/Ruvu, Singida mjini ni Bonde la Kati), NEMC wa mazingira, na kwa mambo ya sheli EWURA, wadhibiti wa nishati na maji. Kenya ni WRA kwa maji na NEMA kwa mazingira. Hii sio ya kujipendekeza kwa serikali, ni kwamba hatua nyingi za mbele zinahitaji kibali, kuanzia kuchimba visima vya uchunguzi mpaka kumwaga maji uliyosafisha.

Hatua ya 1: Zunguka na daftari

Siku mbili tatu za mwanzo ni za miguu. Chora ramani ya eneo la kama kilomita 1 kuzunguka kisima kibaya, weka kila kisima, kila choo, gereji, sheli, mahali pa kuoshea magari, tenki la dizeli la mnara wa simu, jenereta la hospitali, dampo. Kwa kila kisima andika kina, kina cha kesingi (bomba la kuzuia kuta za kisima), kimechimbwa mwaka gani, pampu imening'inia wapi, maji yako kina gani. Andika mwinuko wa mdomo wa kila kisima kwa kifaa cha kupimia kweli, sio GPS ya simu, simu inakosea mita kadhaa na hapa tunatafuta tofauti za sentimita.

Kwa sheli omba vitabu vya upimaji wa tenki, ile fimbo wanayotumbukiza kila asubuhi. Chukua mafuta yaliyokuwepo mwanzo, jumlisha yaliyoingia, toa yaliyouzwa, linganisha na yaliyobaki. Upungufu mdogo unaojirudia kila siku ni dalili ya tenki au bomba linalovuja kuliko makosa ya fimbo, maana kwa kawaida makosa ya fimbo yangekuwa leo juu kesho chini. Na usidharau tofauti ndogo. Lita 1 ya petroli ikiwa na benzini asilimia 1 tu (benzini ni ile kemikali ya ndani ya petroli inayosababisha saratani ya damu) ina gramu 7 au 8 za benzini. Kiwango cha WHO kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Gawanya utaona lita moja ile inatosha kuvusha kiwango kwenye maji zaidi ya lita laki 7, yaani maboza 70 ya lita elfu kumi.

Mtafute na mchimbaji wa visima. Wachimbaji wazuri wanaandika maji yalipigwa mita ya ngapi, jiwe lilibadilika wapi, nyundo ilizama ghafla wapi. Wasioandika wengi wanakumbuka ukiwanunulia soda.

Hatua ya 2: Soma mwamba

Hii hatua ni ya bei rahisi kuliko zote na ndo watu wanairuka. Nenda kwenye majabali yanayoonekana, Singida yako kila kona, au kwenye machimbo ya kokoto ambako uso wa jiwe ni mpya. Chukua dira na kipima mteremko, kwa kila ufa andika unaelekea wapi, umelala kwa nyuzi ngapi, na umbali toka ufa mmoja hadi mwingine. Pima angalau mia moja, kumi hazikuambii kitu. Angalia na rangi: ufa wenye kutu ya kahawia au udongo mwekundu umewahi kupitisha maji, ufa mweupe mkavu uliobana hauna habari.

Kwenye ule mji nilikaa nusu siku kwenye shimo la kokoto na akina mama wanaogonga mawe, wananicheka nampimia jiwe kama fundi cherehani. Ila mmoja ndo aliniambia kitu cha maana, kwamba wakigonga upande fulani jiwe linapasuka lenyewe kwa mstari na upande mwingine linagoma. Ule mstari ulikuwa kaskazini mashariki kwenda kusini magharibi. Nyufa nyingi zenye kutu nilizopima zilifuata mstari huohuo. Niliporudi nikaweka rula kwenye ramani toka sheli kwa mwelekeo ule, rula ikapita mita chache tu pembeni ya gesti. Kisima cha mtaa kikawa nje ya mstari.

Ila rula sio ushahidi, ni dokezo. Fungua picha za setilaiti uangalie mistari mirefu iliyonyooka, korongo linalokunja kona ghafla, safu ya migunga iliyobaki kijani kiangazi. Alafu ndo umlete mtu wa geofizikia apime ukinzani wa umeme ardhini, akate mstari wako kwa kupita, sio kuufuata. Graniti isiyo na ufa inatoa ukinzani wa maelfu ya omu-mita, penye nyufa na maji unashuka hadi mamia, udongo wa mfinyanzi wa juu ni makumi. Angalizo: mfinyanzi mnene wa juu unaweza kuficha kilichopo chini, kwa hiyo mtu akikuahidi kwa kipimo kimoja kwamba "maji yapo mita 47", mshukuru uende zako.

Hatua ya 3: Elewa mwendo, usitumie hesabu ya mchanga

Nitakaa hapa kidogo maana ndo panapopotezwa kesi. Chukua ufa mmoja wenye uwazi wa milimita 0.1, unene wa karatasi ya daftari. Maji yakiwa na mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100, ndani ya ufa laini kama huo yanatembea kama mita 7 kwa siku. Ufa ukiwa milimita 0.2 mwendo unakuwa mara nne, mita 28 kwa siku, na kiasi cha maji kinachopita kinakuwa mara nane, maana kiasi kinapanda kwa uwazi mara wenyewe mara tatu. Ndo maana kisima cha mita 80 chenye nyufa ishirini maji yote unakuta yanatoka kwenye ufa mmoja au miwili.

Sasa mwamba wenye ufa mmoja kama huo wa karatasi kila mita 1, nafasi ya maji ni sehemu 1 kwa elfu kumi. Akija mtu na fomula ya mchanga akajaza nafasi ya maji ya asilimia 10 anapata milimita 7 kwa siku, anaandika kwenye ripoti kwamba mita 300 zitachukua zaidi ya miaka 110 na sheli ina miaka 12 tu kwa hiyo haihusiki. Hesabu ya ufa inasema siku 43. Mwamba uleule, maji yaleyale.

Na hii sio nadharia. Mei 2000 kwenye mji wa Walkerton, Ontario, Kanada, mvua kubwa iliingiza samadi ya ng'ombe kwenye kisima namba 5 cha mji, kisima kifupi chenye kesingi ya mita 5 tu kwenye mwamba wa chokaa wenye nyufa. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,300 wakaugua. Majaribio ya baadae ya kuweka alama kwenye maji yalionyesha maji chini ya mji ule yanatembea mamia ya mita kwa siku, haraka kupita kabisa zile modeli za kompyuta zilizoutazama mwamba kama mchanga.

Kwa upande mwingine kuna miamba inayonywa. Mawe ya mchanga, mawe ya tope, jiwe lenyewe kati ya ufa na ufa lina vitundu, na uchafu unapopita kwenye ufa unapenya polepole kuingia ndani ya jiwe, na siku ukisafisha ufa jiwe linaurudisha kidogo kidogo kwa miaka. Graniti ina vitundu chini ya asilimia 1 kwa kawaida, inameza kidogo, ila lile tabaka lililooza juu yake linameza sana. Jua uko kwenye jiwe gani kabla hujamwahidi mtu tarehe.

Hatua ya 4: Pampu moja, masikio yote

Jaribio la kusukuma maji ndo lililomaliza ubishi wa mtaa ule. Zima pampu zote za eneo kuanzia jioni, usiku mzima maji yatulie. (Hii ndo sehemu ngumu kuliko zote, kuwashawishi watu wa mashine ya kusaga na wa kuosha magari. Niliomba masaa 14 wakanipa masaa 11.) Weka data loga (kifaa kinachojiandikia kina cha maji) au watu wenye dipmita (waya wa kupimia maji yako kina gani) kwenye kila kisima, saa za wote zilingane. Alafu washa pampu moja kwa mtiririko usiobadilika, pima kila nusu dakika dakika 10 za kwanza, kila dakika mpaka nusu saa, kisha punguza taratibu. Ukizima endelea kupima maji yanavyopanda, mara nyingi data za kupanda ni nzuri kuliko za kushuka kwa sababu pampu haitikisi.

Tuliwasha ya gesti. Kijana niliyemweka kwenye kisima cha zamani cha sheli, kile wanachooshea magari, alipiga simu kabla hata dakika 10 hazijaisha: "Kaka, huku yanashuka." Kisima cha mtaa, kilicho katikati yao, kilikaa palepale masaa yote manne. Viongozi wa mtaa walikuwepo wakaona waya wa dipmita wenyewe, nadhani ile ilisaidia kuliko ripoti yangu yote.

Kushuka kwa maji kunaonyesha visima vimeunganishwa, hakuonyeshi uchafu unafika lini. Kujua muda tumia alama: chumvi ya kawaida na kipima umeme wa maji (maji yenye chumvi yanapitisha umeme zaidi), au rangi ya uranini (sio madini ya urani) ambayo inasomeka hata ikiwa kidogo sana. Chumvi ikiwa kali inazama chini ya kisima badala ya kutembea, kwa hiyo izimue. Rangi usimwage bila kibali cha bonde na bila kutangaza, siku maji ya mtu yatakapotoka kijani wewe ndo utatafutwa na mtaa mzima.

Hatua ya 5: Ndani ya kisima

Kisima kilichoachwa wazi kwenye mwamba wenyewe ni bomba la uchafu. Ufa wa juu wenye petroli unamwaga ndani ya shimo, maji yanashuka, yanaingia ufa wa chini uliokuwa safi, na hii inatokea usiku na mchana hata pampu ikiwa imezimwa. Kwa hiyo toa pampu, fanya vipimo vyako haraka, na usiache shimo wazi wiki nzima unasubiri hela.

Mpangilio wangu: kamera kwanza uone kesingi inaishia wapi na kama imepasuka. Pili shusha kipima joto na kipima umeme taratibu kabla maji hayajavurugwa, palipo na ufa unaopitisha maji mstari unavunjika. Tatu kipimo cha mtiririko, bila pampu alafu na pampu. Mwisho, kama bajeti ipo, pakeri, yaani mipira miwili unaipuliza hewa juu na chini ya ufa ili kutenga kipande cha mita mbili tatu, unasukuma maji ya kipande kile tu na kuchukua sampuli yake. Bila pakeri sampuli ya kisima kizima ni mchanganyiko, ufa mmoja mchafu unazimuliwa na minne safi na jibu linakuja zuri kumbe sio.

Tulichokuta gesti: kesingi mita 12, haina sementi nje, wamezungushia kokoto tu toka juu mpaka chini. Ufa mmoja mita 23 ulikuwa na harufu, mwingine mita 51 hauna. Petroli inaelea juu ya maji kwa hiyo watu wanategemea iwe juu tu, ila kwenye ufa uliosimama ikijaa ya kutosha inasukuma kwenda chini ya usawa wa maji, na kila msimu maji yakipanda na kushuka inapakwa kutani kama masizi. Vimiminika vizito kuliko maji, kama zile dawa za kuondolea grisi na za kufulia nguo kwa ukavu, vyenyewe havisimami, vinashuka ufa kwa ufa.

Hatua ya 6: Sampuli

Petroli: chupa ndogo za kioo za mililita 40, jaza mpaka juu, funga, geuza kichwa chini, ukiona hata kipovu kimoja mwaga uanze upya. Tone la asidi, kama maabara walivyokuelekeza, liwekwe kabla ya kufunga, kisha chupa kwenye barafu. Zikiwa na asidi zinavumilia siku 14, bila asidi 7. Chupa za maji ya kunywa za plastiki hapana. Na piga simu kwanza uulize kama maabara inapima benzini na wenzake, sio zote.

Kosa la kizembe kuliko yote: kujaza petroli kwenye jenereta alafu kushika chupa kwa mikono ileile. Nimewahi kufanya. Chupa ya maji safi niliyoibeba ya kulinganishia ilirudi na benzini, nikarudia kazi ya siku mbili kwa hela yangu. Toka siku ile mwenye jenereta na mwenye chupa ni watu wawili tofauti na jenereta linakaa upande upepo unakoelekea.

Usipime petroli peke yake. Pima oksijeni, naitreti, chuma, salfeti. Bakteria wa ardhini wanakula petroli na wanamaliza oksijeni kwanza, kisha naitreti, kisha wanayeyusha chuma, kisha salfeti. Maji yanayotoka safi alafu yanakuwa ya kutu kwenye ndoo, au yananuka yai viza, yanakuambia kuna kitu kinaliwa huko chini. Naitreti na kloridi zikipanda pamoja ni vyoo. Vijidudu vya kinyesi fikisha maabara ndani ya masaa 6 ukiweza, 24 yakizidi sana.

Visima vya uchunguzi vikihitajika, anza kuchimba upande safi ukielekea uchafu, usianze katikati ya sheli ukatoboa kwenda mita 60, utakuwa umeuchimbia uchafu njia. Kila ukiongeza bomba la mita 3 simamisha, nusa, pima umeme wa maji, andika. Ukipita tabaka chafu weka kesingi na sementi kabla ya kwenda chini. Skrini (bomba lenye matundu ya kuingizia maji) iwe fupi, mita 2 au 3, kwenye ufa mmoja, bentonaiti (mfinyanzi unaovimba na kuziba) juu yake.

Hatua ya 7: Kusafisha

Ziba chanzo. Tenki linalovuja litolewe, udongo wenye mafuta uchimbwe mpaka kwenye mwamba, upelekwe mahali palipoidhinishwa sio kujazia barabara. Bila hii vyote vya chini ni kuchota maji kwa tenga.

Mafuta yanayoelea yatolewe yenyewe, kwa baila (kopo refu la kuchotea kisimani) au pampu ya juujuu, kila siku mpaka yakome kurudi. Usiyavute kwa pampu kubwa ya kuzamisha, utashusha usawa wa maji na kuyapaka kwenye mwamba mwingi zaidi.

Kisha uamuzi wa kisima kibaya, tukizime au tukiendeshe? Watu wote hutaka kizimwe. Lakini pampu ile ndo ilikuwa inavuta uchafu kuja kwake, ukiizima uchafu unafuata mteremko wa asili kwenda kwa jirani wa mbele. Tuliamua kiendelee kusukuma kidogo kidogo, maji yasiende kwa watu. Yalipita kwanza kwenye mnara wa kudondoshea, benzini inapenda kutoka majini kwenda hewani, kisha kwenye mapipa mawili ya mkaa maalum wa kuchujia yaliyofuatana. Sampuli inachukuliwa katikati ya mapipa: ikianza kupita pipa la kwanza, la pili linahamia mbele na jipya linakuja nyuma. Chuma kitakuziba mkaa, weka chujio la mchanga kabla yake. Mkaa wa kupikia wa gunia sio mbadala.

Dawa za kumwaga kisimani zichague kwa uchafu. Pamanganeti inavunja vimumunyisho vya klorini (kama zile dawa za grisi) vizuri, kwa benzini haifanyi kitu cha maana, na kuna mtu aliuziwa madumu ya zambarau kwa kisima cha petroli. Kwa petroli unawalisha bakteria kinachowapungukia, oksijeni au salfeti, polepole, kwenye ufa uliothibitisha unafika. Kupuliza hewa ambako kwenye mchanga kunafaa, kwenye nyufa hewa inachagua njia moja inaondoka. Klorini ya kushtua kisima ni ya vijidudu tu, na wala haizuii choo kilichounganishwa na ufa wako.

Kuhusu muda, angalia kituo cha zamani cha jeshi la maji la Marekani cha kujaribia injini za ndege, West Trenton, New Jersey. Mwamba pale ni jiwe la tope lenye nyufa, uchafu ni trikloroethilini, mojawapo ya zile dawa za kuondolea grisi. Walianza kusukuma na kusafisha maji miaka ya 1990, kituo kikafungwa 1998, mwaka 2008 wakajaribu kuingiza mafuta ya soya na bakteria kwenye nyufa, na bado sehemu kubwa ya uchafu ilikuwa imejificha ndani ya jiwe lenyewe. Graniti na petroli ni afadhali mno kuliko hiyo, ila mwenye mali akiniuliza "mwezi ujao tutakuwa tumemaliza?" namwonyesha kalenda ya miaka.

Hatua ya 8: Usisherehekee kiangazi

Vipimo vitashuka haraka miezi ya mwanzo, kisha vitalala. Hapo zima pampu, subiri, upime tena, na lazima kipindi cha kusubiri kiguse mvua. Ukanda wetu wa kati una msimu mmoja, na kumbukumbu za visima vya Makutupora vinavyolisha Dodoma, miaka 55 ya vipimo, zinaonyesha maji chini ya ardhi yanajazwa na misimu michache ya mvua kubwa kama ya El Niño ya 1997/98, miaka mingine karibu hakuna. Maana yake petroli iliyopakwa juu ya usawa wa maji inaweza kukaa kavu miaka, kipimo kinakuja kizuri, alafu unakuja mwaka wa mvua inaoshwa yote kwa mkupuo.

Kisima mtakachoamua kukiacha, kizibwe kwa uji wa sementi kupitia bomba lililoshushwa mpaka chini, ukijaza kutoka chini kuja juu. Kutupia vifusi na kufunika kwa bati ni kuacha mlango wazi.

Gesti ya yule mama sasa inatumia maji ya mamlaka, kisima chake kinasukuma kwenye mapipa ya mkaa, na tunapima kila miezi mitatu. Za Agosti zilikuja chini ya kiwango, akaniuliza kama anaweza kurudisha bomba la kuogea. Nimemwambia tuione Februari kwanza.